Msaada umetolewa, watu wamenuna: namna ya kutafuta chanzo

Simu huwa zinafanana. Meneja anapiga jioni, sauti imechoka. Kampuni yake imejenga madarasa mawili, au imetoa vitanda hospitalini, au imepanda miche kando ya mto, na badala ya shukrani imepata matusi mtandaoni na manung'uniko kantini. Ananiuliza, "Hawa watu wanataka nini hasa?"

Nimefanya kazi ya kuwakutanisha kampuni, wafanyakazi wake na majirani zake kwa miaka mingi, zaidi mashariki mwa Uganda, kuanzia Jinja hadi Tororo na Malaba, ambako ukishavuka geti la kiwanda Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Mteso, Mjopadhola, Msamia, Mganda na dereva wa lori aliyeingia usiku kutoka Mombasa. Sijawahi kukutana na kijiji kinachochukia vitanda vya hospitali. Ninaokutana nao kila mara ni watu wanaodai kitu, halafu wanamwona wanayemdai akigawa zawadi mbele ya kamera. Kwa hiyo mwongozo huu kazi yake kubwa ni kutafuta deni. Kwenye kila dalili uliza kwanza: nani anadai nini, na zawadi hii imemkumbushaje?

Kabla ya kugusa chochote

Usiandike taarifa kwa vyombo vya habari. Usifute maoni ya watu. Usimwite mtu ofisini kumuuliza kwa nini aliandika alichoandika. Tafuta majibu matatu tu: nani alilalamika wa kwanza, alilalamika siku gani, na alitumia neno gani.

Wa kwanza ni muhimu kwa sababu lawama husafiri. Mara nyingi yule "mteja" anayetukana kwenye ukurasa wa kampuni saa nne za usiku ni mfanyakazi aliyetoka zamu ya mchana, au ni mdogo wake. Ukimjibu kama mteja utakuwa unatibu mguu wakati jino ndilo linalouma.

Siku nayo inasema mengi. Chukua karatasi moja, andika tarehe ya hafla ya msaada, kisha pembeni yake andika siku mishahara ilipotoka, siku bei ilipopanda, siku watu walipopunguzwa kazi, siku maji machafu yalipoachiwa mtoni. Nimeona mameneja wakinyamaza kabisa wakiitazama karatasi hiyo.

Na neno ndilo linalokupeleka kwenye sehemu unayoihitaji hapa chini. Watu wakisema "mshahara" au "NSSF" (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), anza na dalili ya kwanza. Wakisema "bei" au "chenji", nenda kwa wateja. Wakisema "ardhi", "msitu" au "fidia", una kidonda cha zamani. Wakisema "kimekufa", ulitoa kitu ukakiacha bila mwenyewe.

Dalili: wafanyakazi wananung'unika zaidi baada ya picha ya hundi

Hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu niliwahi kuwa upande wake mbaya.

Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, kampuni ilitoa mchango kwa hospitali ya jirani. Kulikuwa na hundi kubwa ya kadibodi, watu wanne wameishika, wote wanatabasamu. Mimi mwenyewe niliichapisha picha ile na kuibandika kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya mashine ya kuweka alama ya kidole, mahali ambapo kila mtu lazima apite. Asubuhi iliyofuata nilikuta mtu ameandika kwa kalamu ya wino wa bluu, juu ya tarakimu za hundi: "NSSF yetu iko wapi?" Herufi zilikuwa ndogo na zimenyooka, kama za mtu aliyezoea kujaza daftari la stoo. Niliambiwa niibandue picha. Niliibandua. Kesho yake karatasi nyingine ilikuwa hapohapo, bila picha, na swali lilelile.

Siku hiyo mpakiaji mmoja mzee, ambaye alikuwa akiniita mwanangu tangu nilipoajiriwa, alinivuta kando karibu na mizani. "Mwanangu, hospitali ile ndiyo mke wangu alilazwa Januari," alisema. "Nilikuja hapa kuomba advansi, nikaambiwa kampuni haina pesa mwezi huu. Sasa nimeziona kwenye picha." Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayenielekeza njia, kisha akarudi kwenye magunia yake.

Sababu zinazowezekana, na namna ya kuzithibitisha:

Michango ya NSSF haijapelekwa. Sheria inataka asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na asilimia 5 zinazokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi, na zifike ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Siku hizi mfanyakazi anaona salio lake kwenye simu. Mhasibu akikuambia "tunalishughulikia", elewa kwamba wafanyakazi walishajua kabla yako. Hizo asilimia 5 ni pesa zao zilizokwisha kukatwa, na kampuni inayozikalia huku ikitoa msaada inatoa msaada kutoka mfukoni mwa vibarua wake.

Mishahara imechelewa, au advansi zinakataliwa, au gambuti zimetoboka na stoo inasema hakuna nyingine. Vitu vidogo vinauma kuliko vikubwa. Mtu anaweza kuvumilia mshahara mdogo aliokubaliana nao, lakini hawezi kuvumilia soksi kulowa saruji kila siku huku akisikia redioni kwamba kampuni yake imetoa mamilioni.

Watu walipunguzwa kazi karibuni. Mwaka 2020, wakati wa korona, kampuni nyingi nchini zilichangia pesa, vyakula na magari kusaidia juhudi za taifa, na kati ya hizo zipo zilizokuwa zimewarudisha vibarua nyumbani bila malipo. Walionibakiza na kazi kubwa ya kupatanisha baadaye walikuwa wale waliofanya yote mawili katika wiki moja.

Usijitetee kwa kusema "tunafuata sheria ya mishahara". Kima cha chini kilichopo Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Hakuna mtu kantini atakayekusikiliza ukijificha nyuma ya tarakimu hiyo.

Utatuzi hauna njia ya mkato: lipa deni la ndani kwanza, au angalau liweke wazi. Pale kiwandani, baada ya mvutano wa wiki tatu, uongozi ulikubali tubandike karatasi yenye orodha ya miezi ambayo michango ilikuwa imepelekwa, pamoja na miezi ambayo bado na tarehe ya kuimaliza. Watu walianza kuweka alama ya vema kwa kalamu pembeni ya kila mwezi waliouthibitisha kwenye simu zao. Kwenye mwezi mmoja mtu aliweka alama ya kuuliza. Tulienda kuangalia, na kweli majina kumi na moja ya vibarua wa usiku yalikuwa yamerukwa. Maneno juu ya hospitali yalikoma siku chache baadaye, bila mtu yeyote kutoa hotuba.

Dalili: siku ya kujitolea watu hawaji, au wanachukua fulana na kutoweka

Angalia kwanza kalenda. Jumamosi kwa mtu wa ofisini ni siku ya mapumziko, lakini kwa kibarua ni siku ya ovataimu, au ya kuendesha boda boda ya shemeji, au ya shamba. Ukimwita aje kuokota kaveera, yaani mifuko ya plastiki, mitaroni Jumamosi asubuhi bila malipo, yeye anatoa kipato cha siku nzima, wakati meneja wake anatoa saa mbili za usingizi.

Sababu ya pili ni neno lenyewe. Kujitolea ambako jina lako linasomwa Jumatatu kama hukuja ni amri. Na ukikata kitu kwenye mshahara kwa ajili ya "mchango wa hiari", hapo umeingia kwenye eneo la sheria: Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka mipaka ya kile ambacho mwajiri anaweza kukata. Pata ridhaa ya maandishi ya kila mtu, na mwenye kukataa asiulizwe kwa nini.

Kuna wanaosema Waganda hawana moyo wa kujitolea. Huo ni uongo mtupu. Nenda kijijini Buganda siku ya bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kijiji, uone watu wanavyotoka na majembe na mapanga kufyeka njia na kusafisha kisima. Barabara ni yao, mvua ikinyesha ni wao watakaoteleza, na mwenyekiti wa kijiji naye ameshika jembe. Linganisha na siku ya kampuni: mahali pamechaguliwa na idara ya masoko kwa sababu pana mandhari nzuri ya picha, na mkubwa anafika saa tano na mpiga picha, anapanda mche mmoja kwenye shimo lililochimbwa tayari, anaondoka.

Jaribio rahisi: siku inayofuata ifanye katika saa za kazi zenye malipo, waache wafanyakazi wachague mahali, na usilete kamera. Watu wakija na kufanya kazi kwa moyo, tatizo lilikuwa mpangilio. Wasipokuja hata hivyo, rudi kwenye dalili ya kwanza, kuna deni.

Dalili: kazi inalegea baada ya kampeni ya wema

Wachache wanaitambua hii kwa sababu haina kelele. Kampuni imetangaza msaada, kila mtu anaonekana ana furaha, lakini wiki mbili baadaye vipimo vinakosewa, mifuko inashonwa vibaya, watu wanachelewa.

Kabla ya kulaumu mioyo ya watu, angalia daftari la zamu. Mara nyingi wiki ya hafla wasimamizi bora waliondolewa kwenye mstari kwenda kupanga viti na kupokea wageni, na waliobaki walifanya kazi ya watu wawili.

Kama si hivyo, kuna maelezo ya ajabu kidogo lakini yenye ushahidi. Mwaka 2017 mchumi John List wa Chuo Kikuu cha Chicago na mwenzake Fatemeh Momeni walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa kuajiri wafanyakazi zaidi ya 3,000. Baadhi yao waliambiwa kwamba mwajiri anatoa msaada kwa wenye shida. Waliozembea kwenye kazi yao kuu waliongezeka kwa asilimia 24 pale msaada ulipotajwa, na uzembe ulikuwa mkubwa zaidi walipoambiwa kwamba msaada huo unatolewa kwa niaba yao. Watafiti wanaeleza kwamba mtu anapohisi ameshatenda wema, anajipa ruhusa ya kupunguza bidii mahali pengine. Sisi tunamjua mtu huyu: ametoa sadaka nono Jumapili, na Jumatatu kipimo chake cha maharagwe kimepungua.

Kutokana na hilo nimeacha kabisa kuandika kwenye mabango "kwa niaba ya wafanyakazi wetu wote". Kama wafanyakazi hawakuchagua, hawakuchangia na hawakuulizwa, usiwape sifa wasiyoitafuta. Ukitaka iwe yao, waache wapige kura pesa ziende wapi, na wachague wawili wao wa kufuatilia matumizi. Anayefuatilia bati moja moja hadi linapigiliwa msumari hajisikii kwamba kazi imekwisha.

Dalili: mteja anasema "sadaka yao natoa mimi"

Hapa tunatoka ndani kwenda dukani. Sikiliza malalamiko kwenye kaunta, si mtandaoni. Mteja amenunua vitu, chenji yake ni shilingi mia tatu, na mhudumu anamuuliza kama angependa kuichangia shule fulani. Nyuma yake kuna foleni. Anasema ndiyo kwa aibu, na akifika nje anakasirika.

Kasoro ya kwanza hapo ni aibu: ombi limewekwa mahali ambapo mtu hawezi kukataa bila kuonekana mchoyo. Weka sanduku pembeni badala ya swali.

Kasoro ya pili ni kwamba mteja hajui pesa zinaishia wapi wala kwa jina la nani. Sheria ya kodi ya mapato ya Uganda inaruhusu kampuni kupunguza kwenye mapato yanayotozwa kodi michango iliyotoa kwa mashirika yanayotambuliwa, hadi asilimia 5 ya mapato hayo. Wateja wengi wamesikia jambo hilo nusunusu, na wanachohitimisha ni kwamba duka linatumia chenji zao kujipunguzia kodi. Bandika pale pale kwenye kaunta, kila mwezi, karatasi yenye mambo matatu: wateja walichanga kiasi gani, kampuni iliongeza kiasi gani cha kwake, na nakala ya risiti ya aliyepokea. Kama kampuni haikuongeza hata shilingi, usiite mchango huo wa kampuni. Sema ni wa wateja, na uwashukuru wateja.

Kuhusu bei: ukipandisha bei katika mwezi uleule uliozindua mradi wa miti, hakuna maelezo yatakayokuokoa. Hata kama sababu halisi ni dizeli, watu wataunganisha. Tenganisha kwa miezi.

Dalili: mteja anaanza kushuku bidhaa yenyewe

Fupi, lakini usiiruke. Sabuni ya mche inauzwa kwa nguvu ya povu na kuondoa mafuta. Ukibadilisha karatasi yake iwe ya kijani na maneno ya kutunza mazingira yakawa makubwa kuliko jina, mama anayefua atauliza kama bado inang'arisha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulionyesha hivyohivyo: kwa bidhaa ambazo mnunuzi anataka nguvu, sifa ya kutunza mazingira inaweza kupunguza hamu ya kununua. Dawa yake ni kusema nguvu kwanza, mazingira baadaye, na kumwacha mteja ajaribu kipande sokoni.

Dalili: umepanda miti, watu wanakukumbusha msitu

Hiki ni kidonda cha zamani, na hakiponi kwa fulana mpya. Wakati mwingine hata si kidonda chako wewe, ni cha sekta yako.

Mfano ambao kila mtu mwenye umri wa kutosha anaukumbuka ni Mabira. Mwaka 2007 serikali ilitaka kutoa takribani hekta 7,100 za msitu huo, ulio kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, kwa kampuni ya sukari ya Lugazi ili zilimwe miwa. Watu walihimizana kwa ujumbe wa simu wasinunue sukari ya Lugazi. Aprili mwaka huo maandamano Kampala yaligeuka vurugu na watu walipoteza maisha. Mpango ulisimamishwa, kisha ukaibuliwa tena mwaka 2011, na hasira ikarudi vilevile. Kwa hiyo kampuni yoyote inayokwenda leo Mukono au Buikwe, wilaya za eneo la msitu huo, kupanda miche mbele ya kamera inawakuta watu wenye kumbukumbu. Wanahesabu miche, halafu wanahesabu na msitu.

Kuna tafiti mbili zinazosaidia kuelewa ukali wa hali hii. Ya mwaka 2001, ya Sankar Sen na C. B. Bhattacharya, iligundua kwamba habari mbaya kuhusu mwenendo wa kampuni zinawaathiri wateja wote, lakini habari njema zinawavutia zaidi wale tu wanaojali jambo lenyewe. Kwa maneno mengine, mizani haiko sawa: kosa moja linawafikia wote, wema mmoja unawafikia wachache. Ya pili, ya mwaka 2009, iliangalia mpangilio wa matukio. Kampuni iliyojisifu kwanza ikakutwa na kosa baadaye ilionekana mnafiki zaidi kuliko ile ambayo kosa lilijulikana kwanza, ndipo ikaeleza msimamo wake.

Hili la pili ndilo nalitumia kila siku. Kama unajua una jambo, mfano mfereji wa maji machafu, ardhi ambayo fidia yake haijaisha, au vumbi linaloangukia mihogo ya majirani, liseme wewe kabla ya kuzindua chochote. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), omba kikao chini ya mwembe, sema tumefanya hili, tutalimaliza kwa tarehe hii, na aliye na malalamiko aandikwe jina. Kaa usikilize hata matusi. Mradi wa zawadi usubiri.

Na pima bajeti yako. Mfano unaotajwa sana duniani ni wa Philip Morris: mwaka 1999 ilitumia dola milioni 75 kwa misaada, kisha dola milioni 100 kuitangaza misaada hiyo. Ukikuta gharama za mahema, spika, fulana, mpiga picha na muda wa redio zinakaribia thamani ya msaada wenyewe, umeshapata chanzo cha manung'uniko, huna haja ya kutafuta zaidi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wanakijiji wanauangalia msafara wa magari yako kwa jicho hilo.

Dalili: ulichotoa kimeharibika, na kinaitwa kwa jina lako

Niliwahi kupelekwa kuona kisima cha pampu ya mkono kilichochimbwa na kampuni moja kwa ajili ya kijiji. Hakikuwa kimezeeka, na jiwe la uzinduzi lilikuwa bado linang'aa. Mama mmoja alisukuma pampu mara kumi na tano hivi, akajaza beseni jeupe la plastiki, akaniambia, "Subiri, ssebo," yaani bwana. Maji yalitoka meupe. Tulipokuwa tunaongea yakaanza kugeuka, kwanza kama chai hafifu, halafu rangi ya udongo wa tofali, na juu yake utando mwembamba unaometameta. Alinionyesha shuka la mtoto lenye madoa ya kutu ambayo hayakutoka kwa sabuni yoyote. Alisema wamerudi kuchota bwawani, na kisima hawakiiti kisima. Wanakiita kwa jina la kampuni, kisha wanaongeza neno "kimekufa".

Chanzo cha kiufundi kinajulikana. Pampu nyingi za vijijini Uganda ni za aina ya U2 na U3, na zikifungwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki mahali ambapo maji ya ardhini yana asidi, mabomba yanaliwa na kutu na maji yanakuwa mekundu. Mabomba ya chuma cha pua au ya plastiki yangegharimu zaidi au yangehitaji kufikiriwa mapema. Aliyechimba alipewa bei ya chini na tarehe ya uzinduzi, hakupewa swali la maji yatakuwaje mwaka ujao.

Chanzo cha kijamii nacho kinajulikana. Hakukuwa na kamati ya maji iliyo hai. Hakuna aliyekusanya hata pesa kidogo za vipuri, kwa sababu hotuba ya uzinduzi ilisema "tumewapa bure". Fundi wa pampu wa kata hakuwahi kukabidhiwa kisima hicho.

Ukikuta dalili hii, usichimbe kisima kingine kijiji cha pili. Rudi kwenye hicho. Pima maji, hasa asidi na chuma, kabla ya kununua chochote. Badilisha mabomba yote, si yale mawili ya juu. Mlipe fundi wa eneo hilo afanye kazi mbele ya kamati, ili wajue kila kipande kinaitwaje na kinapatikana duka gani. Mkataba wa matengenezo wa miaka miwili ugharimiwe na kampuni, kisha michango ya kaya ichukue nafasi polepole. Na usiandae uzinduzi wa pili. Mama yule hakuhitaji kukata utepe, alihitaji kufua.

Dalili: zawadi inaonekana kama kifuniko cha bidhaa yenyewe

Kampuni ya kamari inayolipia karo, au ya pombe kali inayogawa makoti ya usalama kwa vijana wa boda boda. Hapa sina utatuzi wa mawasiliano wa kukupa. Mzazi ambaye kijana wake amemaliza ada ya muhula kwenye kamari hawezi kukupa shukrani unayoitafuta. Kwa tumbaku nchi imeshaamua: Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015 inapiga marufuku matangazo na udhamini wake, kwa sababu udhamini ni tangazo lililovaa nguo nyingine. Kama uko katika biashara ya namna hii, pesa zako zipeleke kupunguza madhara ya unachouza, na usiweke jina juu yake.

Ukilazimika kusimamisha mradi

Wakati mwingine ukaguzi unaonyesha wazi kwamba pesa za mradi zinatakiwa kulipa deni la ndani kwanza. Simamisha, lakini kwa utaratibu. Mradi wa karo ndio hatari zaidi, maana mtoto haachwi katikati. Acha kupokea wanafunzi wapya, na uwalipie walioko hadi wamalize ngazi yao: aliye S3 (mwaka wa tatu wa sekondari) mfikishe S4 afanye mtihani, aliye S5 mfikishe S6. Waandikie wazazi barua moja moja kabla ya muhula kuanza, kwa lugha wanayoisoma, mweke mtu wa kuwajibu kwa simu, na usiwaache walisikie jambo hilo kwa mwalimu mkuu siku ya kufungua shule, mtoto akiwa na sanduku lake getini.